Thamani ya Siku ya Kifo

Nimeingia na tochi, futikamba na glavu za pamba,
nikavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Nyumba ya marehemu ina adabu yake.
Nje, theluji ya Februari imeyashika mashamba ya Pennsylvania;
ndani, Nedra Dreibelbis amechemsha kahawa,
akanipa kikombe ambacho, kwa jicho la kazi,
ni cha dola sita, na mkono wake umewahi kutiwa gundi.

Kaka yake, Carlin, ameshika barua ya wakili.
"Serikali inataka bei," asema, "ya tarehe kumi na moja Novemba."
Najua. Sheria haiulizi kabati lina thamani gani leo,
wala lilikuwa na thamani gani mama yao alipolifungua
kuwatolea wageni shuka.
Yauliza: siku ile alipokata roho,
mnunuzi asiyeshurutishwa na muuzaji asiyeshurutishwa
wangepeana mkono kwa dola ngapi?

Sentensi hiyo nimeiandika miaka ishirini na sita.
Muuzaji asiyeshurutishwa sijapata kumwona.
Huwa namkuta mtu kama Nedra,
amesimama na kitambaa, anapangusa palipokwisha kutakata.

Kabati liko ghorofani. Mbao za mjozi, kimo futi saba,
milango miwili, droo tatu chini.
"La mwaka elfu moja mia saba na themanini," asema Nedra.
"Babu wa babu yake mama alilichonga usiku,
mchana akilima, ili binti yake asiolewe mikono mitupu."
Wamelelewa na hadithi hiyo
kama wengine wanavyolelewa na uji.

Nikavuta droo ya chini, nikaipindua.
Ubao, ukipinduliwa, hauna tena wa kumficha.
Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka kama mvua isiyo na upepo;
hapa pana pinde, pinde juu ya pinde,
nyayo za msumeno wa duara, wa kiwandani.
Skrubu zina ncha. Za kale zilikuwa butu.
Na miguu si yake, imeazimwa kwenye samani nyingine.
Nikiwa nimepiga magoti, tochi mdomoni,
nikaihisi karibu karne nzima ikianguka mkononi mwangu
bila kishindo.

Niliwaambia. Mthamini anayenyamaza kwa huruma
amekula rushwa, ila tu haina noti.

Carlin akauliza kodi itakuwaje.
Itapungua, nikasema. Sana.
Akacheka kama aliyeokota pesa njiani,
kisha akamwona dada yake, kicheko kikamfia kinywani.

Nedra alinyamaza kitambo.
"Basi aliyelichonga ni nani?"

Sijui, Nedra. Fundi wa mshahara wa wiki,
pengine naye alikuwa na binti.
Fomu yangu haina nafasi ya jibu hilo.

Nikafungua mlango wa kushoto kukagua bawaba.
Kwa ndani, mistari ya penseli:
Carlin, miaka minne. Nedra, sita. Carlin, saba na nusu, *amesimamia vidole*.
Watoto wakipanda mlango kama maharage.
Halafu, upande wa pili, kwa mwandiko uleule uliotetemeka:
*Mimi*, 2009.
*Mimi*, 2015, chini kidogo.
*Mimi*, mwaka jana, mwezi wa Agosti, chini zaidi.
Alikuwa akijipima mwenyewe akirudi.

Hawakuwa wakijua. Hilo lilionekana.

Nikaandika, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonileta:
*Dosari: alama za penseli, mlango wa kushoto, ndani.
Punguzo: dola mia moja na ishirini.*
Nikatia sahihi, tarehe, nambari ya leseni.
Kikombe sikukiorodhesha.

Nilipokuwa chini navaa viatu
niliwasikia juu, sauti zimepanda,
wakibishana nani alimzidi mwenzake kimo
ile Pasaka ya mwaka sabini na nne.